Unga wa Faki

Sogeeni, nyinyi mlioshiba, niwape ngano ya wenye njaa.

Katika mji mdogo uliokosa mvua miaka mitatu, Mize, msusi wa mikeka, alipendana na mgeni aitwaye Faki. Kila alasiri Faki alimletea kibaba cha unga.

"Unautoa wapi?"

"Pika ule, mpenzi. Usiniulize, wala usimgawie mtu."

Lakini Mize alilelewa hivi: harufu ya chungu ikimfikia jirani, na sahani imfikie. Akapika ugali, akampelekea wote jirani wa kushoto, mwenyewe akabaki na njaa. Kesho yake Faki akaleta vibaba viwili, naye hana mkono mmoja. Mize akampelekea na jirani wa kulia. Faki akaleta vitatu, akirukaruka kwa mguu mmoja. Mize akalia, asiulize. Akampelekea na jirani wa mbele.

Siku ya nne alikuta mlangoni kofia ya Faki, imejaa unga. Sauti ikatoka ndani yake:

"Mimi ni jini, Mize, na unga ni mwili wangu. Kibaba ulichokula wewe kiliota tena mwilini mwangu kila usiku. Walivyokula majirani havikuota. Niliogopa kukwambia, usingekula."

Jioni majirani wakarudisha sahani. Mji ule haurudishi sahani tupu, kwa hiyo kila moja ilikuwa na chumvi kidogo, kitu pekee kilichobaki majumbani mwao.

"Ugali ulikuwa mtamu, mwanangu," walisema. "Ulikosa hii tu."

Hapo ndipo ninapoifunika ngano yangu.