Bi Somoe na Vibuyu Vitatu

Paukwa!
Pakawa!
Itikieni kwa nguvu, maana huyu ninayemsimulia hakuwa na wa kumwitikia.

Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa kidogo ambacho kisima chake kiligeuka chumvi. Watu wakafunga mizigo, wakahamia kisiwa kingine upande wa magharibi, mbali hata moshi wake hauonekani. Aliyebaki ni mmoja tu, mjane aitwaye Bi Somoe. Bintiye Mwanakheri alimsihi siku tatu wafuatane. Bi Somoe akasema hamwachi marehemu mumewe kaburini peke yake. Siku ya kuondoka hakutoka hata kumuaga mwanawe.

Akaishi kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye birika la mawe lililojengwa uani. Mwaka wa kwanza alizungumza na kaburi. Mwaka wa pili alizungumza na kuku, hadi kuku akafa. Mwaka wa tatu mvua zilikuwa haba, birika likaanza kuonyesha sakafu, naye akatambua kwamba anataka kumwona mwanawe kabla ya kufa.

Chombo hakuwa nacho. Alikuwa na vibuyu vitatu. Akachana kipande cha kanga ambayo Mwanakheri angeitambua, akakitia ndani ya kibuyu cha kwanza, akaziba mdomo kwa nta, akakitupa majini pale ufukweni. Maji yakakichukua, maji yakakirudisha. Akakitupa tena, kikarudi tena. Mara ya tatu kilipigwa jiweni kikapasuka.

Bi Somoe akamwuliza Upepo wa Kusi, "Bwana, wewe wavuma kutwa kucha. Mbona hunichukulii kibuyu changu?"

Upepo ukajibu, "Mimi sibebi kitu, mama. Naisukuma ngozi ya bahari tu, huko nje ya mwamba unaozunguka kisiwa. Nikisukuma miezi na miezi, ngozi ile hutembea kama mto."

Basi maji yalipokupwa, akatembea juu ya mwamba hadi ukingoni. Kibuyu cha pili alikitia mawe ili mawimbi yasikirushe. Kikazama moja kwa moja. Samaki chewa aliyekaa shimoni akatoa kichwa, akamwambia kuwa huko chini maji ni ya baridi na mazito, wala hayajapata kusikia habari za upepo.

Kikabaki kimoja. Bi Somoe akatazama upepo unakoelekea, akaona unakwenda kati ya kaskazini na magharibi. Kwa Mwanakheri ni magharibi. Akarudi ufukweni, akaketi akingoja upepo ugeuke. Akangoja siku ya kwanza, akangoja ya pili, akangoja ya tatu. Upepo haukugeuka, na birika likabaki na maji ya kata chache.

Kasa jike akapanda kupumzika, akamwuliza anangoja nini. Alipoelezwa, akasema, "Elekea upepo unakokwenda. Sasa nyoosha mkono wa kushoto, kati ya mbele na ubavuni. Bahari ya huku kwetu haiufuati upepo sawasawa, dada yangu. Dunia inazunguka, na maji yakisukumwa hupinda kushoto. Nimeogelea njia hiyo tangu utotoni. Ukingoja upepo wa kwenda kwa mwanao, utakufa ukingoja."

Bi Somoe hakuwa na hakika. Lakini maji yalipokupwa alikwenda ukingoni, akakitupa kibuyu chepesi, chenye kipande cha kanga tu, nje ya mwamba. Kikaenda kidogo na upepo, kisha taratibu kikajipinda magharibi, kikazidi kuwa kidogo, kikapotea. Siku zile alikunywa mafunda matatu kwa siku, kisha mawili, kisha moja.

Siku ya kumi na tisa jahazi lilitia nanga. Mwanakheri, ameshika kile kipande cha kanga, alishuka majini bila kungoja ngazi, akamkuta mama yake amelala kivulini, midomo imepasuka. Akamnywesha kwa kiganja, kidogo kidogo.

Bi Somoe alipoweza kusema, alisema, "Nilikukasirikia, mwanangu. Miaka mitatu mizima. Ndiyo maana sikukuita mapema."

Mwanakheri akasema, "Nami nilijua umekasirika, mama. Ndiyo maana sikuja."

Wakaketi pale mchangani, wala hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake. Wakaliaga kaburi pamoja, wakapanda chomboni.

Hadithi yangu imeishia hapo walipopanda. Mwenye mtu wake wa mbali na amtumie salamu.