Kidari cha Mzee Elinami

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzi, watu wakiwa tayari na kadi za bima mifukoni, paliondokea mpika supu mmoja pale Himo akiitwa Mzee Elinami. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna taratibu, maana kisa hiki ni cha tumbo.

Mzee Elinami alikuwa bingwa wa supu ya utumbo. Utumbo wa mbuzi aliugeuza nje ndani, akausugua kwa chumvi, akauosha mpaka maji yakatoka meupe. Hapakuwa na kona ya utumbo wa mbuzi asiyoijua. Wake mwenyewe ndio hakutaka mtu auone.

Na ilibidi uonwe. Kaka yake mkubwa alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, akiificha damu chooni mpaka suruali zikawa zinamvuka kiunoni. Daktari akamwambia Elinami wazi: "Mzee, ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Tukiukuta mapema tunauondoa. Ukichelewa, utamfuata kaka yako. Njoo tukupime kwa mpira wenye kamera. Bima yako inalipa."

Mzee akaenda. Akavalishwa lile gauni la hospitali lililo wazi nyuma. Akauona mpira umening'inia ukutani.

"Unaingia wote huo?" akauliza.

"Karibu wote, baba," nesi akajibu.

Ebwana, Mzee Elinami alitoka mbio! Akapita mapokezi, akapita getini, akakatisha soko la ndizi gauni likipepea, akina mama wamejifunika macho kwa vidole vilivyoachana. Alipofika kwake akaapa: "Afadhali nife nimevaa suruali!" Watu wakacheka. Mkewe hakucheka, kwa sababu alimzika shemeji yake na alijua mzee akisema hapana ni hapana.

Sasa sikilizeni vizuri, wanaingia watu watatu.

Wa kwanza ni Kanaeli, mpika supu mwenzake. Vibanda vyao vilitazamana, na tangu ujana hakuna aliyewahi kuisifu supu ya mwenzake. Kanaeli akavuka barabara, akaketi.

"Nasikia umekimbia mpira. Kwani lazima mpira? Siku hizi kuna picha. Unalala kwenye mashine ya CT, wanakupuliza upepo kidogo tumboni kwa kimrija kifupi tu, picha zinapigwa, daktari anatembea ndani ya utumbo wako kwenye kompyuta. Mimi nimeshapimwa. Sikuhisi kitu."

Elinami akamkazia macho. "Wewe? Umepimwa wewe?"

"Na nikaenda zangu kula."

Kanaeli ameweza, yeye ashindwe? Hapohapo akasema anakwenda. Ila mimi nawaambia ninyi, na mnyamaze: Kanaeli hajawahi kupimwa hata presha.

Wa pili ni Nakiete, binti wa dirisha la bima pale hospitali. Mzee akasukuma kadi yake dirishani.

"Shikamoo, baba. Mpira unalipiwa. Picha hailipiwi, isipokuwa kwa mgonjwa aliyejaribiwa mpira ukashindikana."

Mzee akaichukua kadi yake, akageuka. Picha ni ghali, angeuza kibanda na masufuria yake. Nakiete akamwona mgongo, akaukumbuka mgongo ule, maana siku ile ya gauni ulipita mbele ya dirisha lake kwa kasi. Akajua kwamba mzee huyu akitoka leo harudi tena.

"Baba, hebu rudi. Kwani mpira haukushindikana?"

"Ulishindikana kabisa, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeshafika sokoni."

Nakiete akaombea kibali kwa neno hilohilo: umeshindikana. Bima ikalipa. Lakini kisa cha gauni Himo nzima ilikijua, na mkubwa wake kazini naye anakunywa supu. Binti akatolewa dirishani, akapelekwa stoo ya nyuma, kwenye vumbi na panya.

Wa tatu ni mke wa mzee, Ndeshukurwa, Mama Manka. Kwani mnadhani kupimwa kwa picha hakuna kazi? Utumbo lazima usafishwe kwa dawa ya kuharisha. Huli kitu, maji na chai ya rangi basi, maana chakula kikibaki ndani kinaweza kumdanganya daktari akione ni uvimbe. Na mpika supu huonja! Huonja bila kujua, kama wewe unavyojikuna sasa hivi.

Mama Manka akafunga kibanda siku ya gulio, wateja wote wakahamia kwa Kanaeli. Akauchukua upawa, akauchomeka kiunoni kwenye khanga. Bado hakuridhika. Akapita soko zima akitangaza: "Mzee wangu anasafishwa tumbo, asipewe hata kijiko!" Kufika mchana, hadi wauza vitunguu walijua mzee amekwenda chooni mara ngapi, na kila akitoka walimpa pole. Mzee alitamani ardhi impasukie.

Picha ikapigwa. Daktari akaonyesha kwenye kona moja ya utumbo: kinyama, kidogo kama punje ya maharage.

"Kitoeni basi," akasema mzee.

"Picha inaona, baba, haikati. Kukitoa ni kwa mpira."

"Mpira upi?"

"Uleule."

Mzee akatazama mlango. Mama Manka alikuwa amesimama mlangoni, upawa mkononi. Mzee akachomwa sindano ya usingizi, mpira ukaingia, kinyama kikatoka. Majibu yakarudi: kilikuwa kinaelekea kuwa saratani, na kilikuwa hakijafika. Mzee Elinami aliposikia hivyo alilia, akamtaja kaka yake kwa jina, akalia tena.

Akachinja mbuzi. Na katika ukoo wao, aliyerudishwa kutoka kwenye hatari humpa kidari mtu mmoja aliyemrudisha. Kidari hicho hakikatwi vipande. Ukikikata, umesema hakuna aliyekurudisha. Mzee akashika kisu, akawatazama wale watatu.

Mama Manka akasema: "Baba Manka, bila mimi ungepigwa picha ya supu. Nimepoteza gulio, nimelala na upawa."

"Umenivua nguo mbele ya soko, mke wangu."

"Ulishajivua mwenyewe, mimi nimeongezea tu."

Nakiete akasema: "Wazee wangu, shikamooni. Bila kibali mashine isingewashwa. Leo nakaa na panya kwa ajili ya neno moja."

Kanaeli akadakia: "Neno lenyewe lilipinda, binti. Na mwisho wa yote si uliingia mpira uleule uliokuwa unalipiwa tangu mwanzo?"

"Uliingia kwa sababu picha ilikiona kinyama," Nakiete akajibu. "Bila picha mngekuwa mnanunua sanda."

Kanaeli akasema polepole: "Mimi nilidanganya. Sijapimwa. Naogopa kuliko Elinami alivyoogopa. Lakini kibanda chake kikifungwa soko lote ni langu, nililijua hilo, na bado nikavuka barabara. Bila uongo wangu, huyu asingefika hata dirishani."

Mzee Elinami akamgeukia. Miaka yote ile, leo ndiyo mara ya kwanza anamwona mwenzake bila utani.

"Kanaeli, wewe na mimi tumelingana umri. Nikikupa kidari hiki, kesho utalivaa gauni?"

Kanaeli akakitazama kidari, akautazama mlango. Mama Manka akasema, "Kidari hakihongi mtu, Baba Manka. Ni malipo ya aliyefanya." Nakiete akasema, "Kama kinaweza kumfikisha hospitali, mimi... eh, hata mimi sijui."

Basi nimewaacha hapo. Nyama inapoa, mafuta yameanza kuganda, mikono mitatu imenyooshwa na kidari ni kimoja. Mke aliyemlinda akamwaibisha, binti aliyempindishia neno akapoteza dirisha, na jirani aliyemwokoa kwa uongo, ambaye mwenyewe hajaokolewa bado. Haya, ninyi mliokuwa mnacheka, mshikeni mzee mkono wenye kisu: je, nani alistahili?