Aliyerithi Jina la Bibi Mhanga

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa shimo.
Shimoni mna nani?
— Mtaje wewe mwenye mdomo.

Haya, nitamtaja. Lakini wewe unayetafuna karanga huko nyuma, acha kwanza. Hadithi hii haitaki kelele, na kwa nini utajua baadaye.

Hapo kale alikuwepo Bibi Mhanga, mnyama mchimbaji. Kucha zake ndefu, pua yake ndefu, masikio yake marefu, maneno yake mafupi. Alichimba nyumba chini ya kichuguu, kru, kru, kru, miaka nenda miaka rudi, ikawa na vyumba saba. Masika yakija, mvua inapiga juu, ndani kukavu. Watoto hakujaliwa. Akamwokota Sange, yatima, yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua kama mkonga, anayepiga miguu chini tu-tu-tu akishtuka. Akamlea. Kila jioni alimkuna mgongo kwa zile kucha mpaka alale. Sange akakua, akazaa watoto wanne.

Bibi Mhanga akazeeka. Siku moja akasema, "Sange, mjukuu wangu, nikifa nyumba hii ni yako na wanao."

"Bibi, neno hilo liseme mbele ya watu."

"Kesho."

Kesho yake Sange akasema, "Bibi, niwaite watu?"

"Kesho, mjukuu wangu. Leo mgongo unauma."

Siku ya tatu Bibi Mhanga hakuamka.

Ndivyo walivyo wazee wetu. Nyumba wataichimba maisha yao yote, neno moja la kuirithisha linawashinda. Mimi linanikera jambo hili, basi tu.

Matanga yakawekwa. Ngiri akaja, meno nje, matope mpaka masikioni, analia kuliko wafiwa. "Uuuwi, shangazi yangu! Umeniacha na nani, na nyumba nzuri kama hii!"

"Shangazi yako tangu lini?" akauliza Mama Kanga, msimamizi wa matanga.

"Yeye alichimba, mimi nachimba. Yeye pua ndefu, mimi pua ndefu. Hiyo si damu moja?"

Watu wakayatazama meno ya Ngiri. Wakaona kweli, ni damu moja.

"Lakini Bibi aliniachia mimi," akasema Sange.

"Shahidi wako nani?"

Sange akainua macho. Mawingu ya masika yalikwisha kujaa upande wa milimani. Bila nyumba ile, wanawe wanne wangesombwa na maji siku ya kwanza tu ya mvua. Akalia mbele ya watu bila haya. Kisha akapangusa ile pua yake ndefu.

"Mjomba Ngiri kasema kweli," akasema. "Ila arithi kama ilivyo desturi."

Na desturi ya pale ilikuwa hivi: anayerithi mali ya marehemu hurithi na jina lake, marehemu asipotee.

"Mjomba, mkeka wa Bibi unauchukua?"

"Nauchukua!"

"Kata yake ya maji unaichukua?"

"Naichukua!"

"Na jina lake je?"

"Hata jina nalichukua! Leteni vyote, msinibakizie!"

Mama Kanga akamnyunyizia maji usoni, chwa! "Kuanzia leo wewe ni Mhanga."

Hapo Sange akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule mgeni wake je?"

"Mgeni gani?"

"Aliyekuwa akimjia jua la utosi. Siku ya kwanza alipiga hodi moja. Siku ya pili hodi mbili. Siku ya tatu alipiga hodi tatu, hakungoja karibu, akaingia. Alikuwa akimwita kwa jina."

Uongo mtupu! Sange aliutunga pale pale, machozi hayajakauka. Ngiri akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Siku ya kwanza Ngiri akaingia nyumbani kichwa mbele, kama unavyoingia wewe. Akalala, mkia mlangoni. Jua likafika utosini, vivuli vikaingia chini ya miguu, nyenze wakanyamaza wote kwa pamoja. Sange alikuwa nyasini na kipande cha mwanzi mdomoni, cha kubadili sauti.

Tu-tu-tu. "Hodi, Mhanga."

Ngiri akataka kugeuka. Njia nyembamba, hageuki. "Nani?"

Nyenze wakaanza tena kulia.

Siku ya pili, jua la utosi, nyenze kimya.

Tu-tu-tu. "Hodi, Mhanga." Tu-tu-tu. "Hodi, Mhanga."

"Hapa hakuna Mhanga!" akalia Ngiri.

"Yupo," ikajibu sauti.

Siku ya tatu mtoto mdogo wa Sange akashikwa na homa. Sange akashindwa kumwacha. Akakaa naye uani kwa Mama Kanga, walikohifadhiwa, amempakata, akijilaumu moyoni kwamba nyumba imekwenda. Jua likafika utosini. Nyenze wakanyamaza.

Tu-tu-tu. Kutoka kule kichuguuni. "Hodi, Mhanga."

Sange akaitazama miguu yake. Imetulia.

Tu-tu-tu. "Hodi, Mhanga."

Mwanzi ulikuwa pale, juu ya mkeka.

Tu-tu-tu. "Hodi, Mhanga."

Kisha ikasikika kru, kru, kru, kitu kinaingia ndani.

Ngiri alipiga ukelele ambao sijui niwapigie vipi. Jinsi alivyotoka hajui mpaka leo. Alikuja mbio, mkia juu, macho yametoka. "Nyumba si yangu! Chukueni!"

Sange alikuwa akitetemeka kuliko yeye, lakini akili haikumtoka. "Mjomba, liseme mbele ya watu."

Watu wakaitwa mbio mbio.

"Mkeka?"

"Chukua!"

"Kata?"

"Chukua!"

"Nyumba?"

"Chukua, chukua! Na jina pia!"

"Jina halirudi," akasema Mama Kanga. "Hilo huachwa ukifa."

Ngiri akageuka aende zake. Pajani mwake watu wakaona mikwaruzo minne, mirefu, ya kucha zilizozoea kuchimba. Sange akaitambua. Mgongo ukamsisimka pale pale alipokuwa akikunwa utotoni. Akasema, "Ahsante, Bibi," akalia tena.

Usiku huo masika yakaanza. Watoto wanne walilala pakavu.

Ngiri bado anaishi kwenye mashimo ya wenyewe, na jina analo. Mtazame akiingia: anaingia kinyumenyume, uso mlangoni, akimngoja mwenye kupiga hodi.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: mtu akitaka urithi usio wake, msimnyime, ni dhambi. Mpeni na mkeka, mpeni na kata, mpeni na jina. Na neno la kuwarithisha wanenu, lisemeni kesho.

Hadithi hii niliirithi kwa bibi yangu, nami nawarithisha mbele ya mashahidi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Ngiri, yeye huchukua vyote.

Sasa wewe wa karanga, tafuna. Na kesho jua la utosi, ukisikia jina lako mlangoni, chungulia kwanza.