Chungu cha Kwanza cha Sekela

Sogeeni, na mwenye la kusema alishike kwanza. Hadithi hii mimi siwezi kuimaliza. Nitaisimulia mpaka pale nilipoikuta imesimama, kisha nitaiweka mikononi mwenu.

Palikuwa na hospitali ya misheni juu kwenye vilima vya Rungwe, enzi zile ambapo mgonjwa alilazwa yeye na ukoo wake. Waliomleta hawakumwacha wakaenda zao. Walibaki kumuuguza, na hospitali ikawatengenezea mahali. Nyuma ya wodi palikuwa na jiko refu la mabati lenye mafiga mstari mmoja, kila ukoo na moto wake. Kando ya jiko ilisimama nyumba ya kulala wauguzaji. Chini kidogo palikuwa na karo za kufulia, na siku ya jua kanga na mashuka yalianikwa juu ya majani mpaka kilima kizima kikaonekana kama kimevaa kwenda harusini. Kengele ya saa ya kuona wagonjwa ikilia, watu waliingia na vikapu, chupa za chai, na ndizi za moto zilizofungwa majanini. Mpaka leo nikinusa moshi wa kuni mbichi wakati wa mvua, naisikia kengele ile.

Hapo walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Mama Bupe, mpishi wa wagonjwa wasio na ndugu. Kipaji chake kilikuwa kumlisha mtu aliyekataa kula. Watu walisema Mama Bupe hapiki chakula, anapika kwenu.

Wa pili alikuwa Mwalimu Mwaisumo, mstaafu aliyesukuma kigari chenye magazeti ya zamani na vitabu vilivyochakaa, akipita kitanda hadi kitanda. Juu ya kigari alifunga redio yake ndogo. Aliwaandikia wagonjwa kadi za salamu na kuzituma Dar es Salaam, zisomwe katika kipindi cha kuwapa pole waliolazwa. Kipaji chake kilikuwa kulifikisha neno la mtu mahali ambapo miguu yake isingefika.

Wa tatu alikuwa Lusekelo, mtunzaji wa nyumba ya wauguzaji. Huyu hakuwa mwingi wa maneno. Kipaji chake kilikuwa kupata nafasi mahali pasipo na nafasi. Nyumba ikijaa, watu walimwona akisimama mlangoni, anakuna kidevu, anahamisha mkeka huu na ule, na mgeni analala.

Sasa msikilizeni Sekela.

Sekela alikuwa mfinyanzi kutoka ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kule ambako wanawake hujifunza udongo kabla hawajajifunza kusuka nywele. Alipanda milimani kuuza vyungu. Siku ya soko, karai la mafuta ya maandazi lilishika moto katika kibanda cha chai, na mtoto wa mwenye kibanda alikuwa amekaa nyuma ya jiko. Watu walipiga kelele. Sekela aliingia. Alimtoa mtoto akiwa mzima, lakini mikono yake yote miwili iliungua.

Wachuuzi wenzake walimbeba hadi hospitali, kisha wakatawanyika. Mvua za masika zilikata barabara ya ziwani, na habari iliyopenya ikafika imepinda. Mama yake, Tumpe, aliambiwa, "Mwanao ameungua sokoni, hakubaki." Akanyoa nywele, akakaa matanga.

Wodini, Sekela alilala ameuelekea ukuta, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko. Daktari alimweleza waziwazi, "Binti, itabidi tupandikize ngozi. Kabla ya hapo mwili upate nguvu, na baada ya hapo vidole vinyooshwe kila siku, hata kama vinauma. Tukichelewa vitajikunja na havitafunguka tena."

Sekela akajibu, "Acheni vijikunje. Mfinyanzi asiye na mikono atavinyooshea nini?"

Akaacha kula. Manesi walijaribu kumlisha kwa kijiko, akafumba mdomo. Usiombe kuona mtu mzima amefumba mdomo namna ile.

Mama Bupe akaletewa habari. Alikuja na bakuli la uji, akaketi, akaangalia. Hakusogeza kijiko. Aliona kwamba kila nesi alipomwinamia Sekela, wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kutazama, na Sekela alifumba macho kwa aibu. Mama Bupe akaondoka na bakuli lake.

Alirudi ameshika bua la jani la boga, lile lenye tundu katikati, ameliosha na kulikata vizuri. Akaweka kikombe cha uji juu ya kimeza, akasimamisha bua ndani yake, akavuta kiti na kumpa Sekela mgongo, kanga yake pana ikawa pazia.

"Mimi nachambua mboga zangu hapa," alisema. "Sikuangalii. Hakuna mkono wa mtu hapo. Ukitaka kunywa, kunywa mwenyewe. Usipotaka, paka wa jikoni ana njaa."

Akachambua fungu moja, akashika la pili. Kisha Mama Bupe akasikia uji unapanda ndani ya bua. Hakugeuka. Machozi yalimdondokea kwenye mchicha, akaendelea kuchambua.

Tangu hapo alikuja asubuhi na jioni, na uji ukawa mchuzi wa samaki, na mchuzi ukawa maziwa. Mwili ukaanza kushika. Lakini moyo haukurudi. Daktari alipouliza tena juu ya kupandikiza ngozi, Sekela alisema, "Ninakunywa uji kwa sababu ya heshima ya Mama Bupe. Mikono siwapi."

Ndipo Mwalimu Mwaisumo aliposimamisha kigari chake pale.

"Mwanangu, tumsalimu nani redioni?"

"Hakuna."

"Hata mama?"

"Mama akijua nimekuwa hivi atakufa kwa huzuni. Heri asijue."

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa amewaandikia wagonjwa wengi, na kanuni yake ilikuwa moja tu, kutoandika neno ambalo mgonjwa hakulitamka. Siku hiyo aliivunja. Alikwenda kukaa kwenye ngazi za wodi, akaandika kwa hati yake ya ubaoni: "Sekela mfinyanzi, aliyelazwa milimani, yu hai. Anamsalimu mama yake Tumpe wa ufukoni. Anamwomba aje, na asije bila udongo."

Kadi ikaenda. Zikapita wiki, na kila kipindi kilipoanza Mwalimu aliipandisha sauti redio, akitembea polepole kati ya vitanda. Siku jina la Sekela liliposomwa, wodi nzima ilishangilia. Sekela mwenyewe aliinuka kitandani kwa hasira.

"Mwalimu! Nani alikutuma?"

"Hakuna, mwanangu," Mwalimu alisema. "Nichukie, lakini subiri kidogo."

Kule ufukoni, mwenye duka alikuwa amewasha redio yake kama kawaida, na watu wamekaa barazani. Jina liliposomwa, mtu mmoja alitoka mbio kwenda nyumbani kwa Tumpe. Wanasema Tumpe hakulia wala hakucheka. Alichukua jembe, akaenda shimoni kwao, akachimba udongo, akaufunga kwenye majani ya mgomba, akaubeba kichwani. Barabara ilikuwa bado mbovu. Alitembea, akapanda, akashuka, akatembea tena.

Alifika hospitali jioni, mvua inamwagika, saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Bawabu alikuwa mgeni kazini, na alikuwa na amri yake.

"Mama, rudi kesho."

"Nirudi wapi, mwanangu? Natoka ziwani."

"Nyumba ya wauguzaji imejaa. Watu wamelala mpaka mlangoni. Lile lori pale linashuka ziwani sasa hivi, na likiondoka hakuna jingine mpaka barabara itengenezwe. Afadhali uwahi."

Tumpe alikuwa ametembea akiwa na tumaini la redio tu, na tumaini la redio halikuwa na cheti cha kuonyesha. Amelowa, amechoka, akaanza kujiambia kwamba huenda ni Sekela mwingine. Akapewa mkono, akapanda lorini na mzigo wake wa udongo.

Lusekelo alikuwa karoni akiokota nguo za watu zilizosahaulika mvuani. Bawabu akamwambia kwa kupita tu, "Kuna mama wa ziwani nimemrudisha. Eti amebeba udongo. Wagonjwa wengine hata ndugu zao ni wagonjwa."

Lusekelo, aliyeisikia kadi ile redioni, aliangusha nguo zote matopeni.

Lori lilikuwa limeshaanza kuteremka. Alikata njia kupitia shamba la chai, akianguka na kuinuka, akatokea kwenye kona ya chini, akasimama katikati ya barabara amenyoosha mikono. Dereva alifunga breki, akamtukana matusi yote aliyoyajua. Lusekelo alikwenda nyuma, akauliza, "Mama yake Sekela ni nani?"

Mama mmoja akainua kichwa. Lusekelo akapokea kwanza udongo, halafu yeye.

Usiku ule Tumpe alilala katika chumba cha Lusekelo, juu ya kitanda chake. Lusekelo akahamia banda la kuni, na huko akakaa masika yote, akikohoa. Asubuhi alimfuata metroni, mkuu wa manesi, yeye asiyependa maneno, akayasema yote aliyokuwa nayo, mpaka metroni akaandika ruhusa: mama huyu aingie wodini saa yoyote.

Sekela alipomwona mama yake, aliificha mikono chini ya shuka. Tumpe hakuiulizia. Alifungua majani ya mgomba pale kitandani, na harufu ya udongo wa ufukoni ikajaa wodi.

"Umekauka kidogo njiani," alisema. "Ukipona utauloanisha."

Hapo ndipo Sekela alipolia, kilio ambacho wagonjwa wa vitanda vya jirani walikisubiri tangu aletwe. Alipomaliza kulia akasema, "Mwiteni daktari."

Ngozi ikapandikizwa. Bandeji zilipofunguliwa ikaja kazi ya kunyoosha vidole, na hiyo sitaisimulia, kwa maana waliosikia sauti yake hawapendi kukumbushwa. Jua lilipotoka, mama na binti walikaa nje karibu na karo, donge la udongo katikati yao. Mama anabonyeza, binti anabonyeza. Vidole vikafunguka. Kimoja cha mkono wa kushoto kilibaki kimepinda, basi.

Sekela akaruhusiwa, akarudi ziwani. Hospitali ikaendelea kupokea watu na kuwaaga. Mavuno yakapita, kisha siku moja kengele ya saa ya kuona wagonjwa ikalia, na aliyeingia alikuwa Sekela, mnene, anacheka, amebeba chungu kimoja kichwani. Alikiweka chini ya paa la jiko la wauguzaji, akawaita wale watatu.

"Shikamooni. Hiki ni chungu cha kwanza kilichotoka katika mikono hii. Kwetu, mtu akirudishiwa mikono yake, chungu cha kwanza hakiuzwi. Hupewa aliyemrudishia. Nimempa mama, amekataa. Kasema mzazi halipwi. Nilitaka kufinyanga vitatu, lakini cha kwanza ni kimoja tu, vingine ni vyungu kama vyungu. Na kikigawanywa ni vigae. Nimelala nikiwaza, nimeshindwa. Ni cha nani?"

Mama Bupe akasema, "Niacheni niseme bila haya. Maiti haisikii redio, na maiti haitembelewi na mama. Mimi nilimkuta anakwenda, nikamshika. Hao wengine walikuja kumkuta hai kwa sababu ya uji wangu."

Mwalimu Mwaisumo akatikisa kichwa. "Mama Bupe, ulimshika, ndiyo, lakini mikono alikwisha kuizika. Angeishi, na angeishi bila ufinyanzi. Na pale ufukoni walikwisha kumlilia. Neno langu ndilo lililomtoa kaburini. Tena nililitoa kwa kuvunja kanuni yangu ya miaka yote, na mwenyewe akanichukia."

"Ulisema bila ruhusa yangu, Mwalimu," Sekela alisema taratibu, akitabasamu.

"Nilisema bila ruhusa yako. Na ungekuwa leo unafanya nini?"

Wakamgeukia Lusekelo. Alikuwa anakitazama chungu, si wao. Alikohoa kidogo.

"Uji ulikuwepo," alisema. "Neno lilikuwepo. Mama alikuwa lorini."

Kwa Lusekelo hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Mama Bupe akacheka. "Lakini wewe kutafutia watu pa kulala ndiyo kazi yako!"

"Na kupika ni kazi ya nani?" Mwalimu akamuuliza.

Wauguzaji walikuwa wameacha vyungu vyao motoni, wamezunguka. Wagonjwa walijaa madirishani. Waliowahi kunywa uji wa Mama Bupe walimpigia makofi Mama Bupe. Waliowahi kusomwa redioni walilitaja jina la Mwalimu. Waliolala kwa rehema ya Lusekelo walipiga kelele kuliko wote, kwa kuwa mwenyewe hakuzipiga. Sekela akawageukia mmoja mmoja, macho yamejaa maji, akakiinua chungu kwa mikono yake miwili yenye makovu, akasimama katikati yao.

Hapo ndipo nilipoikuta hadithi imesimama, na tangu hapo kila anayeisikia huisukuma upande wake. Nimewaona mume na mke wakilala bila kuongea kwa ajili yake. Hospitali ile siku hizi ina kantini yenye viti vya plastiki, na mgonjwa akitaka kumsalimu mama yake anabonyeza simu. Sisemi ni vibaya. Lakini watu wale watatu walikuwapo, na chungu kilikuwa kimoja.

Mmoja aliushika uhai usitoke. Mmoja alilituma neno likafika. Mmoja alimrudisha mama aliyekuwa anaondoka. Je, wewe uliyekaa hapo na kunisikiliza, ungekuwa Sekela, ungekiweka mikononi mwa nani?