Kwa Nini Nyua za Kirambio Zimekaa Mbali na Njia

Sogeeni hapa, na anayenung'unika kwamba kibaba cha maharage ni kikubwa anung'unike mbele yangu nimsikie. Kila mwaka ni yale yale. Siku ya kupima nyua ikikaribia, watu wazima na ndevu zao wanaanza kuumwa tumbo. Basi leo nawaeleza mambo yalivyoanza, hata yale yanayotuaibisha.

Hapo kale, nyua za Kirambio ziliibana njia. Kutoka chemchemi mpaka juu sokoni, kila mwenye mji aliusukuma ua wake nje mpaka pa mwisho, na njia ikabaki ya kupita mtu mmoja na mtungi wake. Kandokando ulisalia ukanda mwembamba wa nyasi, upana wa shibiri mbili. Ukanda huo ndio ulioshika udongo wa mlima usituangukie. Na wa kuutunza alikuwa mtu mmoja tu.

Huyo alikuwa Nakijwa, mjane aliyekaa kwenye kibanda karibu na chemchemi. Kila asubuhi alipalilia, akapanda pale palipokufa, na kiangazi akapandisha maji kwa mtungi. Hakuna aliyemtuma. Watu walimpenda, jamani, wasisingiziwe. Wakipita walimwambia, "Mama, mikono yako ina baraka!" kisha wakashika njia yao. Kwa kuwa alifanya kwa moyo, walidhani ile kazi haina gharama.

Mwaka mmoja mgongo ukakataa. Nakijwa aliinama kupanda, asiweze kuinuka, akabaki amejipinda pale mpaka wachota maji walipomwinua. Aliona aibu, lakini zaidi aliona hofu. Masika yalikuwa mbele, na yakiukuta ukanda umekufa, mlima ungeshuka na nyumba za watu.

Akajikongoja mpaka kwa wazee, akaomba wapatikane vijana wawili wenye nguvu, na kijiji kiwalishe.

"Sawa, kila mji utoe kibaba kimoja," akasema Senkondo, mwenye ng'ombe wengi na ua mrefu kuliko wote.

"Kimoja?" Nakijwa akawaka. "Wewe unayeuzunguka ua wako mpaka uji unapoa, na mimi mwenye kibanda, tutoe sawasawa? Huna hata haya! Tupime nyua. Kila mipini kumi ya jembe, kibaba kimoja cha maharage, mara moja kwa mwaka baada ya mavuno."

Wazee wakakuna vichwa. Wakatafutana macho, nani atakataa, asipatikane. Kupima kukapangwa mwezi uliofuata.

Sasa, sisi watu wa Kirambio kwa ubahili tumejaliwa. Wiki haikuisha, Senkondo akaanza kung'oa ua wake. Miti imeoza, alisema, na miti ilikuwa mibichi. Akausogeza ndani hatua nane, upungue urefu. Jirani akachungulia. Kumbe! Naye akang'oa wake. Mpaka mwezi unakwisha, mlima mzima ulikuwa unagonga miti ya nyua, kila mtu akijibana ndani ya mji wake kama kuku kwenye tenga.

Nakijwa aliyaona yote, na roho ilimuuma sana. Ni wale wale wa "mikono yako ina baraka". Lakini asubuhi moja alisimama njiani, akatazama juu, akatazama chini, akaona jinsi njia ilivyopanuka. Akacheka mpaka akashika mbavu. Hakumwambia mtu.

Siku ya kupima ilipofika, alipima kwa mpini wa jembe lake, asimuulize mtu swali. Maharage yaliyopatikana yalitosha kwa shida kuwalisha wale vijana wawili. Akawaagiza, "Pandeni nyasi mpaka kwenye ua. Halafu mguuni pa kila ua pandeni sale."

Nanyi sale mnaijua. Ni mti wa mpaka na mti wa amani, na anayeing'oa amewatukana waliomzaa. Watu walipozinduka, sale zilikwishashika mizizi.

Masika yakaja, mlima haukutikisika. Lakini Senkondo hakulala kwa uchungu wa zile hatua nane. Mvua zilipokatika alichukua jembe arudishe ua wake, sale au si sale.

Nakijwa alikuwa ameketi kwenye nyasi hizo hizo, miguu ameinyoosha. Alisikia kishindo, akaliona jembe. Akajaribu kuinuka amzuie, mgongo ukagoma. Akajua kazi yake yote inang'olewa mbele ya macho yake, naye hana la kufanya.

Senkondo akasimama. Miaka yote aliyomjua mama yule, hakuwahi kumwona ameketi.

"Kaa, mama," akasema. "Usiinuke."

"Na jembe hilo?"

"Nimekuja kupalilia."

Mwongo mkubwa! Lakini alipalilia. Aliinama akamzunguka pale alipoketi, jani baada ya jani, mpaka jasho likamtoka. Kisha akaingia ndani, akatoka na maharage kwa kipimo cha ua wake wa zamani, ule mrefu, akayaweka mbele yake. Nakijwa akafunika uso kwa khanga, akalia.

Na tangu siku hiyo nyua za Kirambio zimekaa mbali na njia, na kila mji hutoa kwa kadiri ya ua wake. Wala hapimiwi mtu mpaka bibi mkubwa kuliko wote kijijini aketishwe kwenye nyasi mbele ya mji wa Senkondo.

Senkondo ni babu wa babu yangu. Ndiyo maana ua wetu umeingia ndani kuliko wa mtu yeyote, na mpaka leo tunalipia ule ambao haupo. Haya, mshikeni bibi mkono, taratibu. Akishakaa, maharage yangu nitayamimina mimi wa kwanza.