Kidole Kimoja Kulia

Hadithi hii ni fupi. Isome yote, na ukimaliza mtumie mtu ambaye kazini kwake hakuna anayeuliza maswali.

Katika mji mmoja wa Rungwe palikuwa na karakana ya mabango ya Mzee Gwakisa. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kukata stika. Unaingiza stika, magurudumu mawili madogo yanaibana na kuipeleka mbele na nyuma, na kisu kinakata herufi juu yake.

Karakana hiyo ilikuwa na sheria moja, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: LAZA STIKA KIDOLE KIMOJA KULIA. Kila fundi aliijua sababu yake. Mashine inavuta kushoto. Kwa hiyo unapoingiza stika, ncha ya mbele ielekeze kulia kwa upana wa kidole, ili makosa mawili yafutane.

Hata hivyo stika haikuwa ikienda sawa. Kazi fupi zilipita. Kazi iliyozidi mita mbili ilihama polepole mpaka ikatoka kwenye gurudumu. Basi kazi ndefu walizikata vipande vipande, kisha wakaviunga. Fundi akilalamika aliambiwa, "Kidole chako chembamba. Ongeza."

Miaka kadhaa nyuma, miguu ilipomsumbua Mzee Gwakisa, alibaki nyumbani na kumwachia karakana mpwa wake, Ambindwile. Huyu alikuwa mchapakazi, na sheria ya mjomba wake aliilinda kama hati ya shamba.

Jumatano moja akaja Mama Ikupa, mwenyekiti wa ushirika wa akina mama wafugaji. Kituo chao cha maziwa kilikuwa kinafunguliwa Jumamosi. Alitaka mkanda wa buluu wa mita tatu na nusu, jina la ushirika limetobolewa ndani yake, ubandikwe juu ya mlango.

"Na usiwe na kiungo hata kimoja," alisema. "Ule mliotutengenezea mwaka jana uliingia maji kwenye viungo, ukabanduka, likabaki neno USHI. Mpaka leo wanaume wa kwetu wakituona wanapandisha nyusi."

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kama hamwezi, semeni sasa. Tulipoanza tuliambiwa hatutamaliza mwezi bila kugombana. Watu hao hao watakuja Jumamosi. Sitawapokea kwa bango la viraka."

Stika ya buluu ilikuwa imebaki vipande viwili tu vya kutosha kazi hiyo, na nyingine ingefika wiki ifuatayo. Ambindwile akaingiza cha kwanza mwenyewe, kidole kimoja kulia. Kwenye mita ya pili stika ilihamia kushoto, ikachomoka kwenye gurudumu, kisu kikapasua herufi tatu.

"Ndivyo mashine hii ilivyo," akasema. "Hiki kilichobaki tukikate mara nne, tuunge. Nitaunga vizuri, mama, hamtaona kitu."

Tusekile, fundi aliyekuwa na miezi mitano pale, akasema, "Hapana, kaka. Nipe mimi nikiingize kikiwa kimenyooka."

Ambindwile akamgeukia.

"Kimenyooka? Kwenye mashine inayovuta kushoto?"

"Umewahi kuiona ikivuta stika iliyonyooka?"

"Dada, huoni maandishi ukutani?"

"Ninayaona kila siku. Na kila siku tunaunga viraka."

"Mwacheni," fundi mmoja akasema kutoka nyuma. "Kesho atatufundisha kushika gundi."

Ambindwile hakupaza sauti. "Ukikiharibu hicho, kazi ya mama imepotea, na wewe kesho usije."

"Nimekubali, nitaondoka. Lakini stika hii siilazi."

Ambindwile akampigia simu mjomba wake. "Mzee, njoo. Kuna mtu anavunja sheria yako mbele ya mteja."

Tusekile hakumsubiri Mzee. Alifuta magurudumu kwa kitambaa. Alilegeza stika nyuma ya mashine ili isivutwe na uzito wake. Akapima kwa rula kutoka ukingo wa stika hadi gurudumu la kushoto: sentimita mbili. La kulia: sentimita mbili. Akaulinganisha ukingo na mstari uliochorwa kwenye mashine, mbele na nyuma. Halafu akainua kisu, akaitembeza stika yote bila kukata.

Mita moja. Mita mbili. Mama Ikupa akasogea karibu. Mita tatu. Ukingo ulikuwa palepale juu ya mstari. Akairudisha yote nyuma. Palepale.

"Bahati," akasema Ambindwile.

"Basi tazama bahati ya pili." Akaitembeza tena, na tena haikuhama.

Hapo akaingia Mzee Gwakisa na fimbo yake. Mafundi walijua kitakachofuata. Mzee huyu aliwahi kumfukuza mtu kwa kuacha mkasi juu ya kiti.

"Mzee, sheria yako ile pale," Ambindwile akaonyesha ukuta. "Na aliyeivunja ni huyu."

"Shikamoo, Mzee," akasema Tusekile. "Ni kweli nimeivunja. Na hata wewe ukiniambia niilaze stika, nitakataa."

"Marahaba," akajibu Mzee, lakini hakumtazama. Alikuwa anaitazama mashine.

"Ile ya kijani iko wapi?"

"Tuliiuza, Mzee," akasema Ambindwile. "Hii tuliinunua miaka mitatu iliyopita, wakati unaumwa."

"Iliyokuwa inavuta kushoto ni ile ya kijani. Gurudumu lake moja lilikuwa limelika. Sheria niliiandikia ile. Hii nani aliiandikia?"

Ambindwile akaishika mashine.

"Lakini na hii inavuta kushoto, Mzee! Tumeiona wote."

"Laza, nione."

Tusekile akaitoa stika yake. Ambindwile akaingiza karatasi ndefu ya kufungia bidhaa, kidole kimoja kulia. Ikaenda kushoto.

"Ongeza."

Akaongeza kidole cha pili. Ikaenda kushoto haraka zaidi.

"Ncha ya mbele umeielekeza kulia, mwanangu. Mkia wake uko wapi?"

Ambindwile akazunguka nyuma ya mashine. Mkia ulikuwa kushoto. Mashine ilikuwa inavuta sawasawa, na kila sehemu iliyofuata ilikuwa imeshapelekwa kushoto na mkono wa fundi. Miaka mitatu walikuwa wanaipotosha stika wenyewe, kisha wanaisingizia mashine.

Tusekile akairudisha stika ya buluu, akapima upya pande zote mbili, akateremsha kisu. Mkanda ukatoka mzima. Mama Ikupa akapitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho akitafuta kiungo. Hakukipata.

"Leteni rangi," akasema Mzee Gwakisa. "Futeni hiyo sheria yangu. Andikeni: NYOOSHA STIKA KAMA TUSEKILE."

Mafundi wakapiga makofi, hata yule wa gundi. Tusekile akatikisa kichwa.

"Ifuteni, Mzee, ila jina langu msiliandike."

"Kwa nini? Si umeshinda?"

"Siku gurudumu la hii nalo likilika, atatokea mtu atakayehitaji kuilaza stika. Sitaki mmfukuze kwa jina langu."

Funzo: Ukiambiwa "hapa ndivyo tunavyofanya", uliza kama sababu yake bado ipo au iliondoka zamani, na kama iliondoka, usiiinamie sheria iliyobaki, hata siku sheria hiyo itakapokuwa ya kwako.