Mguu wa Nne wa Bi Nungunungu

Mwaka ule mawingu yalikuja, yakachungulia mbuga, yakaenda zao. Mito ilikauka yote, kikabaki kisima kimoja cha mwambani, na kila asubuhi hapo palikuwa na ugomvi. Waliowahi walikunywa. Waliochelewa walikuta nyati wamekwisha kupita, wakaramba jiwe.

Bi Nungunungu alikuwa wa kuramba jiwe. Alikuwa na miguu mifupi na watoto watatu, na yule wa mwisho alikuwa ameacha kulia kwa kiu. Kimya hicho kilimtisha mama yake kuliko kilio.

Simba, mwenye mbuga na mwenye neno la mwisho, alichoshwa na kelele. "Tutashindana," alisema. "Nyumba itakayoshinda itakunywa kwanza mpaka mvua inyeshe. Ila si mbio za kasi. Sitaki Duma aturingie."

Ikawa mbio za ramani, raundi tatu, moja kila baada ya siku saba. Mzee Kobe, ambaye hapitwi na hata jani, alizunguka porini akachora. Kila mshindani alipewa gome la mti lililochorwa vituo vinne, vituo vipya kila raundi lakini rangi zilezile. Kila kituo kilikuwa na udongo wa rangi yake. Unachovya mguu mmoja, unakwenda kingine, mpaka urudi kwa Simba na miguu minne ya rangi nne. Simba mwenyewe hakushindana. Alisema yeye hapotei. Akijikuta mahali asipopajua, basi hapo ndipo alipokuwa anakwenda.

Raundi ya kwanza Duma aliishika ramani juu chini, akaonekana siku ya tatu katika mbuga ya wenyewe akiuliza njia. Fisi alifika kituo cha pili, kilichowekewa alama ya mfupa mtini, akaula mfupa. Waliomfuata walizunguka mchana kutwa wakikitafuta kituo kilichokuwa tumboni mwake. Sungura akashinda. Raundi ya pili alishinda Bi Nungunungu, maana yeye akishika ramani hainui pua mpaka amemaliza. Sungura alikuja wa pili, manyoya ya ubavu mmoja yamelala kama ametoka kitandani. Hakuna aliyejali.

Ikabaki raundi ya mwisho.

"Mama, leo tutakunywa?" aliuliza mtoto wa mwisho.

"Leo nasoma ramani, mwanangu. Kunywa ni kesho."

Alichovya mguu wa kwanza katika udongo mwekundu wa kichuguu, wa pili katika majivu meupe ya mti uliopigwa radi, wa tatu katika udongo wa manjano chini ya genge. Hakumwona mtu mbele yake, na moyo ukaanza kumchangamka. Kituo cha nne kilikuwa kidimbwi chenye tope jeusi. Alipofika, alikuta ardhi imepasukapasuka. Akachimba, akachimba tena, mpaka kiwiko kikazama. Vumbi tupu.

Alikaa chini akataka kulia. Kisha akakumbuka kwamba ule mti wa radi ulikuwa na masizi, na masizi nayo ni meusi, nani angejua? Alitamani, tena sana. Lakini alijijua. Akisema uongo, miiba yake hugongana, na mbuga nzima husikia. Akarudi na miguu yake mitatu.

Alimkuta Sungura ameketi kando ya Simba, rangi zote nne zimemkaa vizuri.

"Pole, dada," alisema Sungura. "Mguu mmoja umeusahau wapi?"

"Kidimbwi kimekauka," Bi Nungunungu alimwambia Simba. "Nimechimba mpaka kiwiko, mkubwa wangu. Hakuna tope."

Wengine wakacheka. Miiba yake ilikuwa kimya, lakini katika vicheko vile nani angeisikiliza?

"Tope lilikuwepo," alisema Mzee Kobe, ameudhika. "Nimelichora kwa mkono wangu."

"Ulipita pale lini?" aliuliza Simba.

"Juzi tu."

"Juzi ipi?"

Mzee Kobe alihesabu kwa vidole, akarudia. "Siku kumi na mbili. Kutoka pale mpaka hapa pana mwendo, bwana."

Vicheko vikapungua. Hapo Fisi naye akafika akihema, miguu mitatu ya rangi. "Pakavu," alisema. "Nimetafuta hata chura." Kisha pua yake ikamvuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye mguu wa nyuma wa Sungura na kuulamba.

"Bichi," alisema Fisi, akalamba tena. "Lina maji hili. Tena lina ladha ya matete."

Miezi mitatu hakuna aliyekuwa ameona tete.

"Sungura," alisema Simba polepole, "umelitoa wapi?"

Sungura aliuvuta mguu, akauficha chini ya tumbo.

Bi Nungunungu hakungoja jibu. Aliinamisha pua, akaanza kuzisoma nyayo nyeusi chini kama alivyosoma ramani, na mbuga nzima ikamfuata. Nyayo hazikwenda kidimbwini. Zilikwenda nyuma ya shimo la Sungura, kwenye rundo la matawi makavu. Waliyaondoa wakakuta mafungu matatu ya udongo wa vituo, jekundu, jeupe na la manjano, na pembeni yake chemchemi ikibubujika katikati ya matete.

"Maji unayo," alisema Bi Nungunungu. "Wanangu wanaramba jiwe. Kisima ulikitaka cha nini?"

"Nilitaka na kile," alisema Sungura.

Simba alitangaza kwamba yeye alishuku tangu mwanzo, na hakuna aliyembishia. Akaamuru nyumba ya Bi Nungunungu inywe kwanza, na Sungura awe wa mwisho kila siku, nyuma ya nyati, bila kuosha rangi zake mpaka mvua inyeshe.

Yule mtoto wa mwisho alikunywa mpaka tumbo likamsimama, kisha akaanza kulia akitaka zaidi. Mama yake alikisikiliza kilio kile kwa raha. Alipotosheka, mtoto alimtazama miguu.

"Mama, mbona huu hauna rangi?"

"Huo ndio ulioshinda," alisema Bi Nungunungu, na mwiba hata mmoja haukutikisika.